Vibao Ishirini na Vinne na Friza ya Tabia

Jumanne, 10 Juni

Siku ya mia moja na kumi na mbili tangu nikabidhi vibao. Ishirini na vinne. Bati nene, bomba la inchi moja, rangi mbili, mwandiko wangu mwenyewe: MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA. FAINI SH. 50,000/=. Vimesimama kuanzia karibu na soko la samaki mpaka njia ya Makurunge. Watu wanatupa taka palepale chini yake, lakini hilo si kosa la mwandiko.

Malipo: bado. Halmashauri yenyewe siitaji kwa jina. Daftari hili likidondoka stendi, sitaki kuongezewa kesi juu ya deni.

Nilikwenda masijala asubuhi. Nikamwamkia Bi Gertruda, mtunza mafaili, shikamoo, ingawa nadhani namzidi miaka miwili. Akaitikia marahaba bila haya. Akasema faili langu liko mezani. Nikauliza meza ya nani. Akasema mezani.

Mke wangu Tabia yuko Miono tangu mwisho wa Mei, anamsaidia mama yake kuvuna mahindi. Anarudi Jumapili ya tarehe 29. Kabla ya siku hiyo friza yake lazima iwe imerudi barazani. Ndiyo anayogandishia barafu za kuwauzia wachuuzi wa samaki, na ndiyo inayotulisha miezi ambayo mimi nasubiri malipo, yaani miezi yote. Bati na rangi za vibao nilikopa kwa Abizer, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Laki sita na arobaini. Abizer alivumilia mpaka Mei, kisha akaomba dhamana kwa upole sana. Tabia alipopanda basi, friza ilipanda mkokoteni.

Ameshapiga simu mara mbili kuulizia. Nimemwambia friza iko salama. Si uongo. Iko stoo kwa Abizer, imefunikwa turubai.

Maulidi, mchora vibao mwenzangu, alichora vya zahanati mwezi Aprili. Akalipwa baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Na herufi S zake zina kibiongo. Huyu ana mtu ndani.

Jumatano, 11 Juni

Mkono mtupu haulambwi. Mbinu ya kwanza: vitumbua. Nimepeleka ishirini masijala, saa nne, wakati wa chai. Vimeliwa. Bi Gertruda kasema iliki imekaa vizuri. Faili liko mezani.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya tatu ya vitumbua. Habari imefika Ardhi, imefika Mifugo. Bwana mmoja wa Mifugo aliniuliza kwa nini sileti na sambusa. Mwingine alichukua vitano akasema nimwandike, atalipa mwisho wa mwezi. Wenzake wakaona ni wazo zuri. Kwa hiyo mpaka jana nilikuwa naidai Halmashauri pesa za vibao, na leo nawadai watumishi wake pesa za vitumbua.

Lakini kuna maendeleo. Bi Gertruda, akiwa na kitumbua cha nne, alinidokeza kwamba meza yenyewe ni ya Bwana Adrian, mhasibu. Nikauliza faili limekwenda huko lini. Akasema Machi. Nilitaka kusema neno, ila nilikuwa na sinia mkononi.

Jumatatu, 16 Juni

Ofisi ya Bwana Adrian. Kiti kipo. Koti liko kwenye kiti. Miwani iko juu ya meza, juu ya mafaili, na nadhani la chini kabisa ni langu. Mwenyewe hayupo. Nimekwenda saa mbili, saa tano na saa nane. Koti halikusogea hata kidogo. Linafanya kazi kwa bidii kuliko mtu.

Mlinzi wa mlangoni alinionea huruma. Kasema Bwana Adrian anamwozesha binti yake Evelyn, tarehe 5 Julai, na mwezi huu wote akili yake iko kwenye harusi. Ukimtaka, kamati inakaa nyumbani kwake kila Jumatano saa kumi na moja jioni. Kasema viti viko vya kutosha.

Tatizo ni kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Asiyelipwa mpaka siku hiyo anaingizwa kwenye madeni ya zamani na kuanza kuhakikiwa. Najua fundi mmoja wa madawati aliyehakikiwa miaka mitatu. Siku hizi hata ukimwita jina anauliza kwanza unamwita kwa barua ya tarehe ngapi.

Mbinu ya pili: kamati ya harusi.

Jumatano, 18 Juni

Nimefanya kazi na Halmashauri miaka sita sijapata kuona kikao kama hiki. Saa kumi na moja kamili mwenyekiti alifungua. Kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa. Yatokanayo yakajadiliwa, na yalikuwa yametokana kweli. Mtu aliyetumwa kuulizia bei ya ukumbi alikuwa ameiulizia. Niliingiwa na huzuni kidogo.

Waliponiuliza mimi ni nani kwa mwenye shughuli, nilisema rafiki wa familia. Bwana Adrian alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka faili.

Maulidi alikuwepo! Kiti cha mbele, shati la kitenge. Sasa nimejua njia anayopitia.

Ukafika wakati wa ahadi. Nilikuwa nimepanga elfu hamsini. Maulidi akasimama akasema laki tatu. Mimi nikasikia mdomo wangu ukisema laki tano. Akina mama wakapiga vigelegele. Maulidi akasimama tena, akasema wameongeza, ni laki sita. Kabla hajakaa nikasema laki saba. Vigelegele vikadumu mpaka majirani wakachungulia. Bwana Adrian aliniinukia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na machoni pake niliona vocha yangu ya malipo imesainiwa.

Abizer naye alikuwepo, maana Bwana Adrian hununua saruji kwake. Hakutaja pesa. Mtu mwenye duka zima aliahidi kitu cha kupozea vinywaji. Nilimwonea aibu kidogo.

Wakati wa kutoka nilimpongeza Maulidi kwa moyo wake, kwa namna ya kumchoma. Akasema siyo wake peke yake, anatoa kwa niaba ya chama chao cha kufa na kuzikana. Wako kumi na wawili. Kila mmoja elfu hamsini.

Alhamisi, 19 Juni

Bwana Adrian kapiga simu mwenyewe! Nikavaa shati ndipo nikapokea.

Haikuwa vocha. Kamati imeniteua kuwa mkuu wa ufuatiliaji wa ahadi. Kasema katika utumishi wake wote hajaona mtu mwenye ufuatiliaji kama wangu: miezi minne, bila kuchoka, bila kutoa lugha mbaya, na vitumbua juu. Kumbe ananijua vizuri sana. Kumbe siku zote alikuwa ananiona akiwa upande wa pili wa dirisha. Kasema aliyependekeza jina langu ni Maulidi.

Nimekubali. Mkuu wa ufuatiliaji anaonana na mwenye shughuli kila siku. Nimepewa orodha ya watu themanini na sita na kuingizwa kwenye kundi lao la simu.

Jumapili, 22 Juni

Lazima niseme ukweli: nina kipaji. Siku tatu, milioni nne na laki moja. Ijumaa nilisimama nje ya msikiti, leo nje ya kanisa. Watu wanatoka wamenyenyekea, ndio wakati wa kuwakabili. Mwalimu mmoja alinikwepa njia nzima ya Makurunge nikamkuta shambani kwa shemeji yake, akalipa akiwa bado na jembe. Ujumbe wangu wa kila asubuhi unasema: Ndugu mwanakamati, salaam. Ahadi ni deni. Usisubiri kukumbushwa mara ya pili, maana ya pili nakuja mwenyewe.

Kwa Abizer nimekwenda mara tatu. Nilimwambia ahadi ya kitu nayo ni ahadi, na kwamba kamati haitaki mambo ya kuleta vyombo siku ya mwisho. Alete sasa hivi, soda zinunuliwe mapema zipangwe. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia yeye anaongea na mkuu wa ufuatiliaji. Akasema sawa, Bwana Mwinyijuma, Jumanne itafika.

Dosari moja. Orodha imepangwa kwa ukubwa wa ahadi. Jina la kwanza ni Mwinyijuma, laki saba, bado. Ule ujumbe wa asubuhi nami unaniingilia kwenye simu. Leo niliusoma nikaona una lugha kali.

Jumanne, 24 Juni

Tabia kapiga simu kutoka Miono. Mahindi yamekubali, magunia kumi na moja. Akauliza friza. Nikamwambia inapiga kazi. Huo ulikuwa uongo na nilijisikia vibaya mpaka saa nne.

Maulidi kaandika kwenye kundi. Kwamba, kwa heshima zote, ingefaa wanaokusanya waonyeshe mfano. Watu thelathini na moja wakaweka dole gumba, na miongoni mwao yule mwalimu wa jembe.

Jioni Bwana Adrian akanipigia kuuliza ahadi yangu imefikia wapi. Nikamwambia iko mezani. Akauliza meza ya nani. Nikamwambia yake.

Kisha akasema nije ofisini Alhamisi.

Alhamisi, 26 Juni

Leo koti lilikuwa na mtu ndani yake.

Bwana Adrian aliinua miwani, akashusha mafaili moja moja, akalitoa langu. La chini kabisa, kama nilivyosema. Akapuliza vumbi. Akafungua ukurasa wa pili. Pale penye mstari wa sahihi ya mzabuni palikuwa peupe. Pembeni pamebandikwa kikaratasi cha njano: Mzabuni aje asaini. 3 Machi.

Akanipa kalamu. Nikasaini. Sekunde nne.

Bi Gertruda, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema mbona aliniambia tangu Machi. Nikamwambia hapana. Akasema ndiyo, Baba, nilikuambia masijala, ukacheka ukaondoka.

Nilirudi nyumbani nikafunua daftari hili nyuma. Jumanne, 4 Machi, kwa mkono wangu: Bi G. eti kuna mahali sijasaini. Mbinu ya kunichelewesha. Nimekataa kuingia mtegoni.

Niliona aibu. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma. Ukurasa ule nimeubana kwa pini.

Ijumaa, 27 Juni

Imeingia! Milioni moja, laki tatu na elfu sitini na nane, baada ya kukatwa kodi. Bwana Adrian alinipigia kunipongeza dakika mbili kabla ya ujumbe wa benki. Kaniambia amesimamia mwenyewe. Kisha akasema yuko nje ya benki, kwenye kivuli, ananisubiri.

Nimelipa laki saba. Imetangazwa kwenye kundi. Pongezi nyingi, maua, mikono inayopiga makofi. Maulidi kaandika: mfano wa kuigwa.

Sasa nikifikiri vizuri, Maulidi hana haki ya kunicheka. Yeye alingoja wiki mbili bila kufanya lolote. Mimi nimelipwa baada ya siku tisa tu za kamati. Hesabu inasema kamati inafanya kazi.

Jumamosi, 28 Juni

Kwa Abizer, saa tatu asubuhi, laki sita na arobaini mkononi. Kahesabu mara mbili, kachana karatasi ya deni mbele yangu, kaniagizia sharubati. Nilijisikia mtu. Nikasema basi nichukue friza yangu.

Akasema friza iko kwa Bwana Adrian tangu Jumanne. Imejaa soda.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza taratibu. Yeye aliahidi kitu cha kupozea vinywaji. Alipanga kununua masanduku ya barafu wiki ya harusi. Lakini mkuu wa ufuatiliaji alikuja mara tatu akitaka kitu kiletwe sasa hivi, na kitu pekee kilichokuwepo stoo ni kile. Tena aliniuliza kama nina hakika.

Ni kweli aliniuliza.

Nikaenda kwa Bwana Adrian. Iko barazani, imechomekwa, inanguruma. Kwenye mfuniko maneno yameandikwa kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi: BARAFU YA TABIA 200/=. Niliyaandika mwaka juzi. Ule ndio mwandiko wangu bora kuliko yote. Mama Evelyn akanikaribisha, akanishukuru kwa yote niliyoifanyia familia, akasema bila ile friza wasingejua pa kuanzia. Ningesemaje? Akanipa soda. Ilikuwa baridi kweli.

Nimebakiwa na elfu ishirini na nane. Mbinu ya tatu: friza iko kwa fundi mpaka tarehe 6.

Jumapili, 29 Juni

Basi la Miono liliingia saa sita. Tabia alishuka na magunia mawili na kuku. Tulipofika nyumbani akatazama pale barazani, pana alama nne za miguu ya friza kwenye saruji. Nikamwambia fundi. Hakuuliza fundi yupi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Saa tisa ukaja ujumbe: wake wa wanakamati wanaombwa kwa Mama Evelyn kuchambua mchele. Nikamwambia apumzike, ametoka safari. Akasema shughuli za watu haziachwi, kesho ni zetu. Akajifunga kanga akaenda. Nilikaa kwenye ngazi nikapanga maneno. Nilipanga ya aina tatu.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Mama Evelyn mwenyewe, kwa simu. Tabia aliingia, akaamkia wakubwa, akaamkiwa na wadogo. Akaiona. Akakaa mkekani akachambua sinia mbili za mchele mpaka zikaisha, punje moja haikuachwa. Kisha akainuka, akafungua friza, akatoa soda moja moja, zote mia moja na arobaini na nne, akazipanga kwenye mkeka. Akaifuta ndani kwa kanga. Akaita mkokoteni. Mama Evelyn alipomuuliza vipi tena, akamjibu kwa adabu kwamba ana wateja saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyemzuia. Kasema hata Maulidi, aliyekuja kupanga viti, alishika upande mmoja wakapakia.

Mkokoteni ulipofika mlangoni, maneno yangu ya aina zote tatu yalikuwa yamekimbia. Akaniuliza jambo moja tu: niliahidi shilingi ngapi. Nikamwambia. Akakaa kwenye ngazi ile ile niliyokuwa nimekaa mimi. Akasema mwezi mzima mgongo umempinda kwa magunia ya mama yake, na mimi huku namwozesha binti wa mtu.

Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza, na iliniuma kuliko kugombezwa. Nikampa ile elfu ishirini na nane. Akaipokea, akaihesabu, akaingia ndani kutafuta vifuko vya barafu.

Jumanne, 8 Julai

Harusi ilipita. Soda zilikuwa za moto lakini muziki ulikuwa mkubwa. Sikualikwa meza ya mbele.

Habari kubwa mbili. Ya kwanza: Halmashauri imenipa kazi mpya! Vibao sitini, mwaka mpya wa fedha, malipo ndani ya siku kumi na nne, imeandikwa. Abizer kasema rangi atanipa, ila safari hii anataka pesa taslimu au kitu kinachoshikika. Nitafikiri. Tabia ameifunga friza kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza na ufunguo ameuvaa shingoni, kwa hiyo itabidi nifikiri kitu kingine. Cherehani yake, kwa mfano, haitumiki sana siku za wiki.

Ya pili: Bwana Adrian amehamishwa. Ameondoka jana na koti lake, yuko njiani kwenda Sumbawanga. Laki saba zangu zote zimekwenda Sumbawanga. Mhasibu mpya anaitwa Abdulwahab, ametoka Pangani, mtu wa miaka thelathini na nne, mpole, anafika kazini saa moja na nusu. Bi Gertruda ananihimiza nipitie mkataba nisaini kila ukurasa kabla haujapanda juu. Nimemshukuru. Ukurasa wa mwisho nimeuacha kwanza. Nitasaini nikishaona wana nia.

Kuna kikwazo kimoja tu. Abdulwahab hajaoa. Hana mchumba, hana binti, hana mpwa wa kuozesha. Bila harusi hakuna kamati, na bila kamati najua malipo yanavyokuwa. Kwa hiyo kabla ya bati na kabla ya rangi, ni kumtafutia mke. Leo nilimuuliza Tabia kama mdogo wake wa Miono ameshaposwa. Aliendelea kufunga vifuko. Kesho nitampigia mama mkwe.

Ahadi yangu nitaianzia laki nane. Safari hii Maulidi hanifikii.